Fuata sufuria moja: mwongozo wa kuanza kujifunza usalama wa chakula

Maswali yanayonijia ni yaleyale. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anauliza asome nini ili aelewe usalama wa chakula. Mama mwenye kibanda anauliza afanye nini wateja wake wasiugue. Mwanafunzi wa afya ya mazingira, mwenye madaftari manne yaliyojaa majina ya bakteria, anauliza mbona akiingia jikoni haoni kitu. Nimekuwa nikiwajibu mmojammoja. Sasa naandika jibu moja, kwa sababu dawa yao wote ni moja: chukua chakula kimoja, kifuate kutoka sokoni mpaka kwenye sahani ya mteja, ukiwa na saa na kipimajoto mkononi.

Chakula nilichochagua ni maharage. Watu wengi huyaona maharage kuwa chakula kisicho na shida: hayana damu, hayanuki kama samaki, na yanachemka saa mbili nzima. Nani ataugua kwa maharage? Lakini ndani ya sufuria hiyohiyo utakutana na karibu kila somo unalohitaji mwaka wa kwanza, na ukishaielewa utaweza kufanya hivyohivyo kwa pilau, kwa supu ya utumbo au kwa mtindi.

Kazi hii itakuchukua siku tatu hadi nne. Usiifanye kwa haraka.

Vitu vya kuwa navyo

- Kipimajoto cha chakula chenye ncha ya chuma ya kuchomeka ndani, kinachosoma angalau kuanzia 0 hadi nyuzi 110 za Selsiasi. Cha kidijitali cha bei ya kawaida kinatosha.
- Saa, au simu.
- Daftari la mistari na kalamu. Simu ikilowa mchuzi utapoteza kila kitu.
- Barafu kidogo na maji ya kuchemsha, vya kupimia kipimajoto chenyewe.
- Vitambaa safi na spiriti ya kufutia ncha kila baada ya kupima.
- Ruhusa ya mwenye jiko.

Tahadhari mbili kuhusu kipimajoto. Usitumie kile cha homa cha kioo. Kitapasuka, na zebaki ikiingia kwenye chakula umetengeneza hatari kubwa kuliko uliyokuja kuichunguza. Usitumie pia vile vya bastola tulivyopigwa navyo kwenye paji la uso wakati wa korona. Vinasoma juu ya ngozi tu, na tatizo la sufuria liko katikati.

Nadharia kidogo tu

Hatari za kwenye chakula ni za aina nne: vijidudu na sumu zao, kemikali, vitu vigumu kama mawe na vipande vya kioo, na vitu vinavyoleta mzio, kama karanga kwa mtu ambaye mwili wake haupatani nazo. Hatari kuwepo ni jambo moja. Uwezekano wa kumdhuru mtu, na ukubwa wa madhara hayo, ni jambo jingine. Mwanafunzi asiyetenganisha haya mawili ataorodhesha hatari hamsini na hatajua aanze na ipi.

Bakteria wengi wanaosumbua hukua kati ya nyuzi 5 na 60. Chini ya hapo wengi hulala au huenda polepole sana. Juu ya hapo huacha kukua, na ukifika 70 katikati ya chakula wengi hufa. Wengi, si wote. Baadhi hujikunyata na kuwa mbegu ngumu ambazo hata kuchemka hakuziui, na zinasubiri chakula kipoe zichipue. Wengine hufa wenyewe lakini wameshaacha sumu isiyojali moto.

Ukisikia watu wakitaja HACCP, hutamkwa hasapu, yaani kuchambua hatari na kushika vituo muhimu vya udhibiti, ndiyo njia tutakayoitumia hapa kwa umbo dogo. Ilizaliwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wanaanga, kwa sababu huko angani hakuna wa kumkimbiza mtu hospitali, na kupima kila pakiti baada ya kuipika maana yake ni kuimaliza. Ikabidi wadhibiti njia nzima ya kukitengeneza. Leo ni sehemu ya kanuni za Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 1963. Inatosha. Twende jikoni.

Hatua ya 1: Chagua jiko, na uingie kwa adabu

Jiko la nyumbani linafaa, la mama lishe linafundisha zaidi. Ukienda kwa mama lishe, shikamoo kwanza, kaa, kula chakula chake, ulipe. Mweleze kwamba unajifunza, hukuja kukagua, na kwamba namba utakazopata ni zake kabla hazijawa zako. Nimeona wanafunzi wakitoa kipimajoto mfukoni kabla hata ya kusalimia. Mama anadhani ametumwa mtu kutoka halmashauri, na siku hiyo kila kitu kinapikwa kwa maonyesho. Unachotaka kuona ni siku ya kawaida.

Usiende saa sita mchana wakati foleni imefika barabarani. Nenda alfajiri anapowasha moto, na ukae hadi anapofunga.

Hatua ya 2: Pima kipimajoto chako

Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika mbili, chomeka ncha bila kugusa chini wala pembeni. Kinatakiwa kusoma 0, au kupishana kwa nyuzi moja hivi.

Kisha maji yanayochemka. Hapa wengi hutupa kipimajoto kizima kwa kutojua. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, maji huchemka karibu na nyuzi 100. Arusha ni kama 95, Nairobi kama 94, kwa sababu kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kila mita 300 inapunguza takribani nyuzi moja. Kipimajoto kinachosoma 94 Nairobi ni kizima. Kikisoma 94 Tanga, kina kasoro.

Andika tofauti uliyoiona kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 3: Chora safari

Usichore unavyodhani. Chora unachokiona, hata kama ni cha aibu. Safari ya maharage niliyoichora mara ya mwisho ilikuwa hivi: gunia sokoni, mfuko wa plastiki, kuchagua kwenye ungo, kuloweka usiku, kumwaga maji, kuchemsha, kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua tui, kuunga kwa vitunguu, nyanya na tui, kuepua, kukaa mezani, kupakua, kinachobaki kulala, kupasha asubuhi, kupakua tena na chapati.

Angalia mahali nazi ilipoingia. Maharage yalikuwa yamechemka saa mbili, kisha likaja tui lililokamuliwa kwa mkono, ambalo wapishi wengi hulichemsha kidogo tu lisikatike. Mwanafunzi anayechora akiwa mezani kwake huandika "kupika" kama hatua moja na tui linampita. Mkono uliokamua ulikuwa umeoshwa? Kichujio kililala wapi jana? Maswali hayo hayaji mpaka uone kwa macho yako.

Chora pia vinavyozunguka sufuria: maji yanatoka wapi, upawa unawekwa wapi baina ya mteja na mteja, na kile kitambaa kimoja kinachofuta meza, jasho, sahani na mikono. Kifuate kitambaa hicho kwa nusu saa tu, andika kila kilichokigusa. Hakuna somo la uchafuzi mtambuka, yaani uchafu kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, linalolishinda hilo.

Hatua ya 4: Kila kituo, andika hatari yake

Chukua safari yako, na kila kituo jiulize: ni kitu gani kinaweza kuingia hapa, kukua hapa, au kubaki hapa kilipotakiwa kuondoka? Maswali matatu. Usilete la nne.

*Gunia.* Mawe, ndiyo, lakini uliza pia maharage yalihifadhiwa na dawa gani ya wadudu na muda gani umepita. Kuosha hakuondoi kila kitu.

*Maharage yenyewe.* Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha yatokote kwelikweli kwa dakika zisizopungua 10 kabla hujapunguza moto. Anayeyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo mpaka yalainike bila kutokota anaweza kulisha watu maharage laini yenye sumu. Watatapika ndani ya saa chache na lawama itamwangukia chapati.

*Kuungwa na tui.* Mikono, kichujio, maji ya kukamulia.

*Kukaa mezani na kulala.* Hapa ndipo kiini kilipo, tutakuja.

*Kupakua.* Upawa, sahani, kitambaa, na mtu mwenyewe anayepakua. Mwenye kuhara asishike chakula cha watu mpaka saa 48 zipite tangu kuhara kukome. Mwenye kidonda au jipu mkononi akifunike kisawasawa au apewe kazi nyingine. Bakteria wa usaha huacha kwenye chakula sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Kosa kubwa la hatua hii ni imani kwamba moto husamehe yote. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Ugali wao ulipikwa ukaiva, maana sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Samaki kama jodari na vibua wakiachwa juani hutengeneza histamini, na ukiwakaanga mpaka wakauke bado mlaji atawashwa na kuvimba uso. Nyama ya kasa imeua watu Pemba mwaka 2021 na tena 2024, wengi wao watoto, na ilikuwa imepikwa. Kwa hiyo mbele ya kila hatari kwenye daftari lako andika neno moja: "moto unaondoa" au "moto hauondoi". Zile za pili zizuie kabla hazijafika jikoni, kwa kuchagua, kukausha, kukataa kununua.

Hatua ya 5: Lala na sufuria

Ukifanya hatua hii moja na kuacha nyingine zote, bado utakuwa umejifunza zaidi ya wenzako wengi.

Maharage yaliyobaki, kiporo, hufunikwa jikoni mpaka asubuhi. Omba ruhusa ukae nayo. Pima katikati ya sufuria, ukichomeka ncha mpaka katikati ya kina, kila baada ya saa mbili. Futa ncha kwa spiriti kabla na baada.

Hizi ni namba zangu kutoka sufuria ya lita 20 hivi, imejaa, imefunikwa, Dar es Salaam, usiku wa joto la kawaida:

- Saa 3 usiku, imeepuliwa: 96
- Saa 5 usiku: 73
- Saa 7 usiku: 58
- Saa 9 usiku: 48
- Saa 12 asubuhi: 38

Zisome tena taratibu. Sufuria ilishuka chini ya 60 kabla ya saa saba usiku, na kufika asubuhi ilikuwa bado na joto la mtu mwenye homa kidogo. Yaani kwa zaidi ya saa tano ilikuwa kwenye eneo ambalo bakteria hukua. Na ndani ya saa hizo ilipita polepole kati ya 47 na 43, ambapo kuna bakteria, *Clostridium perfringens*, anayeweza kuzaana mara mbili kwa muda unaokaribia dakika kumi. Mbegu zake ndizo zile zisizouawa na kuchemka. Kwa hiyo kuchemsha kwa saa mbili kuliwaondoa washindani wake tu, na sufuria ikabaki shamba lake peke yake.

Asubuhi mama akawasha jiko, maharage yakaanza kutoa mvuke, akaanza kupakua. Nikachomeka ncha katikati: 55. Mvuke hutangulia sana kabla chakula hakijaiva upya. Yeye aliona mvuke akaamini; namba ilisema bado nyuzi 15 kufika 70.

Na maharage hayakuwa yamechacha. Hayakunuka, hayakuwa na povu. Niliyaonja kabla ya kupima na yalikuwa matamu. Kuchacha ni kazi ya vijidudu vingine. Wanaougulisha mara nyingi hawana harufu wala ladha. Mama alilitazama daftari langu akauliza, "Sasa mwanangu, miaka yote hii?" Sikumjibu kwa kumtisha. Nilimwambia wateja walioamka siku ya pili wakilalamikia tumbo hawakurudi kwake kulalamika, walinunua dawa wakanyamaza. Akanyamaza yeye pia, kisha akaniuliza tufanyeje.

Hatua ya 6: Chagua vituo viwili au vitatu vya kushika kwa nguvu

Sasa una orodha ndefu. Vingi katika hivyo vinadhibitiwa na usafi wa kila siku: maji salama, kibuyu chirizi chenye sabuni mahali pa kunawia, kichanja cha kukaushia vyombo, mbichi kutenganishwa na kilichopikwa. Hayo ni msingi, lazima yawepo, lakini usiyaite vituo muhimu vya udhibiti.

Kituo muhimu ni kile ambacho ukikikosa, hakuna hatua inayofuata itakayokuokoa. Kwa maharage yetu ni vitatu: kuchemsha, kushikilia moto wakati wa kuuza, na kupoza kiporo. Kupasha moto kunaonekana kama cha nne, lakini ukiharibu kupoza, kupasha hakukuokoi na kila kitu, kwa sababu sumu zilizokwisha kutengenezwa nyingine hazisikii moto. Wali wa kiporo ni mfano: bakteria wake, *Bacillus cereus*, akipata usiku mzima wa uvuguvugu huacha sumu ya kutapisha ambayo kukaanga wali asubuhi hakuigusi.

Hatua ya 7: Wekea kila kituo mpaka wa namba

"Pika vizuri" si mpaka. "Weka mahali pa baridi" si mpaka. Mpaka ni kitu ambacho watu wawili wakipima watakubaliana.

- Kuchemsha: kutokota dakika 10 au zaidi baada ya kulowekwa, kisha kuendelea mpaka yaive, tui likiingia, sufuria irudi itokote.
- Kuuza: katikati isishuke chini ya 60. Makaa machache chini ya sufuria na mfuniko vinatosha.
- Kupoza: kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine.
- Kupasha (si kituo muhimu, lakini nako kuwe na mpaka): 70 na zaidi katikati, baada ya kukoroga, mara moja tu. Kiporo cha kiporo kimwagwe.

Hatua ya 8: Rekebisha, upime tena

Usimwambie mwenye jiko "nunua friji kubwa" ukaondoka. Fanyeni jaribio pamoja.

Gawa maharage moto kwenye sufuria pana au masinia yenye kina cha sentimita 5 hivi. Ziketishe kwenye beseni la maji, koroga kila dakika kumi kwa upawa safi, badilisha maji yakipata moto. Pima kila nusu saa. Utashangaa jinsi kina kinavyofanya kazi kuliko kitu kingine chochote.

Lakini utagonga ukuta. Maji ya bomba ya pwani yenyewe yana nyuzi 27 au 28. Hayawezi kukufikisha 21 hata ukikesha. Vitabu vingi vimeandikwa kwenye nchi ambazo bomba hutoa maji ya kukata vidole, na havikuambii hili. Unahitaji barafu ndani ya beseni, nje ya sufuria. Barafu za mifuko za dukani hujui zilitengenezwa na maji gani, kwa hiyo zisiguse chakula kabisa. Nyanda za juu kama Njombe au Limuru una nafuu, msimu wa baridi maji yenyewe yanatosha kwa hatua ya kwanza.

Chakula kikifika 21, ndipo kiingie kwenye jokofu, kikiwa kwenye vyombo vyenye kina kidogo, bila kubananishwa. Sufuria nzima ya moto ikiingizwa kwenye jokofu dogo hupasha maziwa na nyama zilizomo, na katikati yake haipoi kwa wakati hata hivyo.

Kama hakuna jokofu wala barafu, jibu ni moja, nalo ni gumu kwa mfuko: kusiwe na kiporo. Kaa na mama muhesabu kwa wiki nzima sahani ngapi zinauzwa kila siku, mpunguze kipimo cha maharage ya kuloweka. Yule mama wa lita 20 alishuka hadi lita 14 kwa Jumatatu na Jumanne, na pesa ya mkaa wa kupashia asubuhi ikabaki mfukoni.

Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja unaotumika

Kurasa thelathini za mpango hazisomwi na mtu mwenye unga mikononi. Ukurasa mmoja, herufi kubwa, ubandikwe ukutani: kituo, mpaka, nani anapima, saa ngapi, na mpaka ukivunjwa afanye nini. Sehemu ya mwisho ndiyo husahaulika. Maharage yakiwa mezani na yamesoma 52, je? Kama yako chini ya 60 kwa chini ya saa mbili, yarudishwe motoni mpaka 70. Zaidi ya saa mbili, au hakuna anayejua tangu saa ngapi, yamwagwe. Uamuzi huo uandikwe mapema, kwa sababu mbele ya foleni hakuna atakayeamua kumwaga.

Pembeni pawe na daftari la kuandika namba na saa. Aandike anayepima, wakati anapima. Daftari lililojazwa jioni kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila mstari "65, 65, 65", utalitambua baada ya wiki mbili za kazi hii.

Ukikwama

*Namba inabadilika kila nikichomeka.* Hujakoroga, au ncha imegusa chuma. Pima sehemu tatu. Ukipima kupasha au kushikilia moto, andika namba ya chini kabisa. Ukipima kupoza, andika ya juu kabisa.

*Mwenye jiko amekataa kupimwa tena.* Huenda ulimwonyesha namba mbele ya wateja. Omba radhi, rudi wakati wa utulivu, anza na kituo anachokifanya vizuri. Kipo, daima.

*Umeme umekatika usiku.* Jokofu lisilofunguliwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Baada ya hapo pima chakula kimojakimoja. Vilivyopikwa, nyama na maziwa vilivyozidi nyuzi 5 kwa saa nyingi havitumiki. Usionje ili kuamua.

*Nawezaje kutakasa ubao na visu bila dawa ghali?* Osha kwanza kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, suuza. Kisha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, ya nguvu ya asilimia 5: kijiko kikubwa kimoja cha mililita 15 kwenye lita 4 za maji. Acha dakika mbili, anika. Kwenye uchafu wa mafuta klorini haifanyi kazi, ndiyo maana sabuni hutangulia. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, hutoa gesi ya sumu.

*Nina vituo muhimu kumi na tano.* Una orodha ya usafi. Rudi hatua ya 6.

*Nisome wapi baada ya hapa?* Vyuo vikuu vya Sokoine kule Morogoro na Jomo Kenyatta kule Juja hufundisha sayansi ya chakula. Kozi za afya ya mazingira zitakupeleka kwenye ukaguzi. Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, kwa hiyo vijitabu vya zamani vinavyotaja TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, visome ukijua hilo. Nenda na daftari lako la sufuria kwenye usaili.

*Mteja anasema chakula chetu kimemwugulisha.* Usikatae, usikubali, uliza saa. Ameanza lini, na ni kutapika au kuhara? Kutapika ndani ya saa moja hadi sita kunaelekea kwenye sumu iliyokuwemo tayari, kama ya wali wa kiporo au ya mkono wenye jipu. Tumbo la kusokota na kuhara saa 6 hadi 24 baadaye kunaelekea kwenye sufuria iliyopoa vibaya. Salmonela inaweza kuchukua siku kadhaa, na homa ya ini aina ya A ni wiki mbili hadi saba, kwa hiyo chakula cha mwisho alichokula mara nyingi si chenye kosa. Andika majibu yake, uliza nani mwingine alikula naye, tenga chakula kilichobaki kwenye chombo safi, kifunike, kiweke kwenye baridi, usimwage, na umwite afisa afya wa kata. Kama anaharisha maji meupe kama ya mchele, dalili ya kipindupindu, usisubiri maswali: maji ya chumvichumvi ya kunywa (ORS ya pakiti) njiani, na kituo cha afya saa hiyohiyo.